Kiu, Figo na Mbwa wa Bwana Verney

Mwenye kufunga analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Baada ya daku huenda msalani kama kawaida. Ikifika alasiri, na jua la pwani lingali kali, haja ndogo imekuwa kidogo na rangi yake imekolea. Akishafuturu na kunywa maji yake, haupiti muda mrefu ila hurudi msalani, na mkojo ni mweupe kama maji. Ni nani basi aliyeziambia figo kwamba mchana zibane na usiku ziachie?

Swali hili lilimshughulisha Mwingereza mmoja, Ernest Basil Verney, kwa zaidi ya miaka 20. Alizaliwa Cardiff mwaka 1894, akasoma udaktari, na katika miaka ya 1920 akafanya kazi University College, London, chini ya Ernest Starling, yule yule aliyelitangaza neno homoni mwaka 1905. Wawili hawa waliitoa figo ya mbwa mwilini na kuipitishia damu kwa msaada wa moyo na mapafu. Figo ile iliyotengwa ikamwaga mkojo mwingi mwepesi, kama kwamba haijali maji yanapotea. Walipotia katika damu ile majimaji yaliyokamuliwa katika tezi ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo na isiyozidi punje ya njegere, figo ikabana mara moja. Kumbe amri inatoka juu.

Lakini tezi nayo huamrishwa na nani? Hapo ndipo Verney alipoonyesha subira yake. Huko Cambridge, alikohamia mwaka 1934, aliwazoeza mbwa wake kulala kimya huku mkojo wao ukipimwa. (Huenda msomaji akakunja uso kusikia mbwa katika mazungumzo yaliyoanza na daku, lakini ndivyo kazi ilivyokuwa.) Mbwa hunyweshwa maji mengi, na mkojo unapokuwa unatoka kwa wingi, hutiwa maji ya chumvi kidogo katika mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani. Mkojo hupungua ghafla. Chumvi ile ile, kwa kiasi kile kile, ikitiwa katika mshipa wa mguu, haileti athari kama hiyo. Ukali wa damu iendayo kichwani ukipanda asilimia 2 tu, tezi imekwisha kupata habari.

Alijaribu na sukari ya miwa, ikafanya kazi kama chumvi. Alijaribu na urea, haikufanya. Na hili ndilo lililo tamu katika habari yote, kwa maana urea huingia ndani ya chembe za mwili kwa wepesi, lakini chumvi na sukari ile hubaki nje na kuyavuta maji yaliyomo ndani. Basi kinachohisiwa na ubongo si chumvi yenyewe, bali ni kule kunywea kwa chembe zake. Hayo aliyaeleza mbele ya Royal Society, na yakachapishwa mwaka 1947. Mahali hasa pa chembe hizo alipakisia, na waliokuja baadaye wakaonyesha kuwa nyingi ziko mbele kidogo ya pale alipopadhania.

Aliona pia kwamba mbwa akishtushwa, mkojo hupungua hata kama tumbo limejaa maji. Sehemu ya nyuma ya tezi ikiondolewa, upungufu ule wa muda mrefu hautokei tena. Hofu nayo, basi, ina njia ya kufika kwenye figo.

Wako watu ambao tezi yao haitoi homoni hii. Mtu mzima kwa kawaida hutoa mkojo lita 1 au 2 kwa siku; hao huweza kutoa lita 10 na zaidi, na usiku kucha huamka kunywa maji. Mkojo wao hauna sukari, kwa hivyo si kisukari tunachokijua. Mgonjwa wa namna hii asiyetibiwa hawezi kuupitisha mchana bila ya maji, na dini imempa ruhusa yake. Katika miaka ya 1950, Vincent du Vigneaud, huko Marekani, aliijua homoni yenyewe ilivyoundwa na akaitengeneza kwa mkono. Dawa iliyo bora zaidi, inayofanana nayo, ilianza kutumika katika miaka ya 1970, wagonjwa wakiitia puani. Verney alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1967.