Jenga: kitenzi kilichogeuka jina la mchezo

Mdogo wangu aliniambia kwamba «jenga» ni neno la Kiingereza. Alikuwa amelisoma kwenye sanduku la mchezo: vipande 54 vya mbao vinapangwa vitatu vitatu mpaka ngazi 18, kisha kila mtu kwa zamu yake anachomoa kimoja chini na kukiweka juu, mpaka mnara unaanguka. Nikamwuliza: «Mama akisema baba anajenga nyumba, anasema Kiingereza?» Akacheka. Lakini kosa lake lina sababu, na sisi wa lugha inatupasa kuieleza.

Aliyebuni mchezo huo ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukulia Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Nyumbani kwao walisema Kiingereza, lakini Kiswahili pia alikijua. Familia yake ilipokuwa Ghana, miaka ya 1970, walicheza na vipande vya mbao vilivyopasuliwa Takoradi. Baadaye, akiwa Uingereza, alivitengeneza vya kuuza, akavionyesha London mwaka 1983. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wachache. Mchezo ulipovuka kwenda Amerika ya Kaskazini, wafanyabiashara wa huko walitaka jina lingine, akakataa. Mwaka 1991 alianzisha kampuni ya Oxford Games pamoja na Sara Finch. Katika mchezo wao mmoja, Ex Libris, wachezaji hutunga sentensi ya kwanza au ya mwisho ya kitabu. Mtu huyu, basi, aliyapenda maneno.

Sasa tulitazame neno lenyewe. «Jenga» ni amri ya umoja. Kwa wengi tunasema «jengeni». Umoja unafaa hapa, kwa kuwa zamu ni ya mtu mmoja. Mzizi -jeng- unazaa jengo, jengea, jengeka. Kiishio cha nomino kikiwa -i, ng inageuka nz: jenga, mjenzi, ujenzi, sawa na tunga, mtunzi, utunzi. Kiingereza kilichukua umbo moja tu, kikaacha ukoo wote nyuma. Kwa mchezaji wa London ni jina la mnara tu. Sisi tunasikia amri ya kufanya kazi.

Hapa Kolwezi amri hiyo ina uzito. Kasulo, kuanzia mwaka 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Kule, kutoa kitu chini ya ukuta si mchezo, na ukuta ukianguka haupangwi upya kwa dakika mbili. Nilipomweleza mdogo wangu hivyo, hakucheka tena.

Kampuni inaweza kumiliki jina la mchezo. Kitenzi haiwezi. Lakini kama tukiwasomesha watoto kwa Kifaransa peke yake, tukidhani Kiswahili watakiokota wenyewe njiani, watakutana na maneno yao dukani na kuyaita ya wageni.