Mji wa Lindi na Bonde la Lukuledi

Msafiri atokaye Masasi kwenda pwani huteremka pamoja na mto Lukuledi. Hupita Ndanda, Nyangao na Mtama, kisha hufika njia panda ya Mnazi Mmoja, karibu na Mingoyo, ambapo barabara ya Mtwara huachana na ile ya Lindi. Upande wake wa kusini, karibu safari nzima, umesimama uwanda wa juu wa Makonde. Upande wa kaskazini ni nyanda za Rondo na Muera. Baada ya Mingoyo bonde hupanuka, maji ya mto huchanganyika na maji ya chumvi, na mikoko huanza. Mkono huo wa bahari ndio ulio mbele ya mji wa Lindi, na ng'ambo yake ni Kitunda.

Tumeona vema kuueleza mji huu kwa sababu moja. Vyama vingi vya msingi vimo ndani ya bonde hili au kando yake, na kila msimu makatibu hujaza karatasi zenye safu ya gharama za usafirishaji. Safu hiyo ina historia ndefu kuliko chama chochote.

Katika karne ya 19 Lindi ilikuwa forodha ya Sultani wa Unguja. Misafara iliyotoka nchi ya Wayao na upande wa Ziwa Nyasa ilishuka na bonde hili ikileta pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama zile, wanadamu waliofungwa minyororo. Baadaye ilileta pia mpira wa mwituni. Aliyeishika njia aliishika mali. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na ngome yake katika uwanda wa Makonde, alilielewa jambo hilo barabara: misafara ilimlipa hongo. Wajerumani walipouteka mji wa Lindi mwezi Mei 1890, walimwita aje pwani kutii. Naye alijibu kwa barua ya Kiswahili kwamba hakuona sababu ya kuwatii. Alishikilia msimamo huo hadi mwaka 1899, aliposhindwa akavuka kwenda Msumbiji.

Mzigo wa zama zile ulikuwa juu ya vichwa vya watu. Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba huko mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, wakisaidiwa na mamia ya wafanyakazi wa nchi hii. Msimamizi wao aliyejulikana sana alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa ikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mnyama mmoja aliyeungwa kutokana na mifupa hiyo amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake ukipita mita 13. Ujira wa mpagazi ulikwisha siku alipotua mzigo; thamani ya mzigo ilianzia pale.

Vita navyo vilifuata njia ile ile. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Nyangao ilichomwa moto. Mwezi Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana kwa siku nne Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kuliko karibu yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki.

Chini ya Waingereza Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, na mashamba ya mkonge, kama lile la Kikwetu, yaliupa mji kazi na fedha. Lakini bandari yake ina upungufu wa kimaumbile: maji karibu na ufuko hayana kina cha kutosha, na meli kubwa zilipaswa kutia nanga mbali, shehena ikasogezwa kwa matishari. Upungufu huo haukudhuru sana mpaka ulipokuja mpango wa karanga wa mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, na Nachingwea ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochaguliwa. Reli ya kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapanda kwenda Nachingwea, nayo ilifunguliwa mwaka 1949. Hata hivyo ilikwisha kuamuliwa kwamba bandari ya kudumu ijengwe Mtwara, penye kina. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kula pauni karibu milioni 36. Karanga hazikupatikana, bali bandari ya Mtwara ilibaki, na makao makuu ya jimbo yalihamia huko katika miaka ya 1950. Kana kwamba hayo hayatoshi, tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kubomoa nyumba nyingi. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake viking'olewa. Bei ya mkonge ikaanguka baada ya kuja kamba za nailoni.

Korosho ndiyo iliyolibeba bonde baada ya hapo. Katika msimu wa 1973/74 nchi nzima iliuza tani zipatazo 145,000. Kisha uzalishaji uliporomoka, hata katikati ya miaka ya 1980 haukufika tani 20,000 katika msimu mbaya. Wakulima walihamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, ubwiriunga ulienea, na vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, visirudishwe kisheria hadi 1982. Salfa na bei bora ziliifufua mikorosho, na mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani. Ufuta umeongezeka pia, na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo.

Lakini mzigo huo mwingi hauondoki Lindi kwa meli. Korosho huenda Mtwara. Barabara ya Dar es Salaam ilikuwa ya mashaka mpaka daraja la Mkapa, lenye mita 970, lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga ndicho kilichokawia kutiwa lami. Hata sasa si njia ya kuaminiwa masika yote: mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata wilayani Kilwa.

Kwa hiyo katibu aliyeko Mtama na mwenzake aliyeko kijiji cha ndani ya Rondo wanaweza kuuza korosho za daraja moja kwa bei moja ya mnada, lakini wakulima wao wasipokee sawa, kwa kuwa umbali wa ghala ni tofauti na lori la Rondo hupanda na kushuka. Mwanachama huona tu kwamba amepunjwa. Makatibu wanaombwa kuisoma safu ya usafirishaji kwa sauti katika mkutano mkuu, kabla ya msimu kufunguliwa, wakitaja umbali wa kilomita, jina la ghala na kiasi kinachokatwa kwa kila kilo, na kuyaandika hayo katika kumbukumbu za mkutano.