Dramu ya breki iliyogoma kutoka

Gari liko juu ya stendi, tairi la nyuma limeshatolewa, handibreki imeshushwa, na dramu haitoki. Hapo ndipo nyundo kubwa huitwa. Nimepokea dramu nyingi zilizomeguka ukingo kwa sababu hiyo: gari liliingia gereji kwa ajili ya brekishuu, likatoka linadai dramu mpya. Dramu nyingi ni chuma cha kalibu. Chuma hicho ni kigumu, lakini hakikubali kupinda. Ukikipiga pembeni kinapasuka. Kwa hiyo kabla ya kupiga, tafuta kwanza ni nini kimeishika.

Jaribu kuizungusha kwa mkono. Isipozunguka kabisa, ama kebo ya handibreki imeganda ama brekishuu zimeshikana na dramu kwa kutu. Hayo hulipata sana gari lililoegeshwa masika nzima huku handibreki imevutwa. Legeza kebo, kisha gonga dramu taratibu kuizunguka kwa nyundo ya mpira. Mara nyingi utasikia mlio mdogo, na hapo imeachia.

Ikizunguka vizuri lakini haisogei nje hata unywele, mshikaji ni habu. Tundu la katikati ya dramu huvaa habu kwa kubana sana, na kutu ikiingia katika nafasi ile nyembamba inachukua ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hukaza namna ile. Mafundi wa Tanga na Mombasa wanaijua kazi hii kwa sababu ya hewa ya chumvi. Lakini hata Dodoma utaikuta, kwa kuwa baadhi ya magari tunayoagiza Japani yametumika sehemu kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Yanafika huku na kutu yake.

Sasa itazame dramu usoni, kati ya stadi za tairi. Toyota nyingi ndogo, zikiwemo Corolla, Probox na Vitz, zina matundu mawili yenye hesi ndani. Wengi hudhani ni mapambo. Yamewekwa kwa kazi hii hii: yanapokea bolti mbili za milimita 8, ambazo kwa kawaida hufungwa kwa spana namba 12. Safisha matundu, nyunyizia habu mafuta ya kulainisha kutu, subiri robo saa, kisha ingiza bolti kwa vidole mpaka ziguse. Baada ya hapo kaza moja nusu mzunguko, hamia ya pili, rudi ya kwanza. Dramu itajisukuma yenyewe ikitoka sawasawa. Bolti ikiwa ngumu mno usiilazimishe, itakatikia humo. Gonga uso wa dramu kati ya stadi, halafu endelea.

Kuna dramu nyingine inayotoka kama sentimita moja, ikakwama, ukivuta unahisi springi zinarudisha. Hii ndiyo inayowaponza hata mafundi wazoefu. Brekishuu zimekula dramu kwa ndani na kuacha ukingo mwembamba upande wa bamba la nyuma. Ajasta nayo imekuwa ikizisogeza brekishuu nje kufuata ulaji huo, kwa hiyo sasa ziko ndani ya shimo na ukingo umezifungia. Ukivuta kwa nguvu unang'oa springi na kupinda pini zake. Toa kizibo cha mpira kwenye bamba la nyuma, ingiza bisibisi nyembamba usukume kando kiwenzo cha ajasta, na kwa bisibisi ya pili zungusha gurudumu lake dogo lenye meno. Baada ya meno machache zungusha dramu: ikiwa nyepesi uko sahihi, ikiwa nzito geuza upande.

Ukingo huo ni habari kwa mwenye gari. Kwenye dramu yenyewe huandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Ile ya milimita 200 mara nyingi huishia 201. Ipime. Ikiwa imevuka, brekishuu mpya ndani yake ni pesa iliyotupwa.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Sugua habu kwa msasa na upake grisi kidogo sana, pasipo kugusa sehemu inayosuguana na brekishuu.

Ukishafunga kila kitu na kurekebisha ajasta, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa gari likiwa bado limesimama. Mara ya kwanza inaweza kuzama hadi chini. Usiliondoe gari mpaka pedali iwe ngumu chini ya mguu wako.