Kamera kooni au jicho tupu: laringoskopu ipi inafaa hospitali ndogo?

Mtu wa Kanja akizidiwa usiku, gari huelekea Runyenjes, Kyeni kwa Consolata, au Embu Level 5. Ikibidi apasuliwe, kabla kisu hakijagusa ngozi kuna kazi fupi inayomtoa jasho mtoa nusukaputi: kupitisha bomba kinywani, lipenye kati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya hewa, lisipotelee umioni. Shingo fupi, taya isiyofunguka, damu ya ajali ya bodaboda; lolote kati ya hayo hugeuza sekunde kuwa dakika.

Chombo cha kazi hiyo ni laringoskopu. Ile ya kawaida ni mpini wenye betri, taa, na bledi ya chuma iliyopinda kwa umbo alilolitoa Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Unainua ulimi na taya mpaka jicho lako lenyewe lione nyuzi za sauti. Ya video ina kamera karibu na ncha ya bledi, kwa hiyo jicho ni kama limehamia mle ndani, na picha inatokea kwenye skrini. GlideScope, iliyobuniwa na daktari mpasuaji John Pacey wa Kanada, ndiyo iliyoieneza kuanzia mwaka 2001.

Kamati za hospitali huanza na bei, nasi tuanze hapo. Seti ya kawaida hupatikana kwa maelfu ya shilingi. Ya video yenye jina kubwa hufika mamia ya maelfu, na zenye skrini pana hupita milioni. Lakini bei ya dukani ni mlango tu. Mpini wa kawaida hula betri mbili za tochi, zile za ukubwa wa kati ambazo duka la sokoni linazo. Bledi yake huoshwa, ikatakaswa, ikarudi kazini miaka na miaka. Ya video aina ya McGrath, kwa mfano, hutumia betri yake maalumu isiyochajiwa, ya dakika 250 hivi, na kila mgonjwa anahitaji bledi mpya ya plastiki. Bledi hizo zikiisha, umebaki na kioo cha kujitazamia. Nimekuja kuamini kwamba swali la kwanza kwa muuzaji si "bei gani?" bali "itakula nini cha ziada kila mwezi, na nani atakileta huku?"

Je, ubora unalipa tofauti hiyo? Kwa wagonjwa wagumu, ndiyo. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliwafuata wagonjwa mahututi 1,417: bomba lilipita kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1 penye video, na asilimia 70.8 bila video. Walioshika vyombo wengi wao walikuwa madaktari bado mafunzoni, na hilo linatuhusu. Katika kaunti zetu usingizi hutolewa mara nyingi na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi hiyo KMTC au Kijabe, pengine mmoja peke yake zamu nzima, bila bingwa wa kumwita.

Hata hivyo kamera ina vituko vyake. Mvuke huiziba, damu na matapishi huipaka. Bledi zenye mkunjo mkali hukuonyesha nyuzi za sauti waziwazi huku bomba likigoma kupinda kuzifikia, mpaka litiwe waya wa kulikaza. Na mtu aliyekodolea skrini anaweza kuchana koo kwa bomba asiloliangalia.

Kama fedha zingekuwa zangu, ningepanga hivi. Kwanza kapnografu, inayopima kaboni dioksidi katika pumzi. Bila hiyo, kamera nzuri haikuhakikishii kwamba bomba limebaki pale lilipowekwa. Kisha mipini miwili ya kawaida iliyo imara, na buji, vile vijiti virefu vinavyopindika vya kutangulizia bomba. Ni vya bei ndogo na vimeokoa wengi. Ndipo laringoskopu moja ya video, ya bei ya kati, inayochajiwa, yenye bledi za kuoshwa zenye umbo la Macintosh. Nayo isifungiwe kabatini ikingoja mgonjwa mgumu: itumike hata kwa wepesi, mikono iizoee.

Umbo hilo la bledi nalisisitiza kwa sababu ya stima kupotea. Siku ya maonyesho, mwombe muuzaji aizime skrini, kisha aingize bomba kwenye sanamu ya mafunzo kwa jicho tupu. Mwenye bledi ya Macintosh ataendelea na kazi. Mwenye ile ya mkunjo mkali atakuomba uiwashe tena.