Desturi za Jumuiya Ndogo Ndogo

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, siku ya Jumamosi, kabla jua halijapanda na wauza maandazi hawajamaliza mzunguko wao wa kwanza, huonekana watu wazima na watoto wakitoka nyumba hii na ile, Biblia mkononi na rozari shingoni, wakielekea ua wa jirani ambaye zamu ya kuwapokea wenziwe imemfikia wiki hiyo. Hapana kengele iliyolia, wala padre aliyewatangulia. Mwenye nyumba amekwisha fagia ua tangu alfajiri, ametandika mikeka na kuazima mabenchi kwa jirani ambaye aghalabu ni Mwislamu, na juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe ameweka msalaba na mshumaa. Kila aingiaye husema, "Tumsifu Yesu Kristo," na walioketi humjibu, "Milele amina." Hii ndiyo jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, na mtu atakaye kufahamu jinsi Mkristo wa nchi hizi anavyoupata udugu wa kweli, na jinsi anavyojitambua kuwa ni nani mbele ya Mungu, na aanzie hapo uani kabla ya kwenda kanisani.

Desturi hii si ya kale. Maaskofu wa Kongo waliielekea njia hiyo tangu mwaka 1961, na maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, waliliazimia jambo hilo walipokutana Nairobi mwaka 1973, wakalirudia na kulitilia mkazo mwaka 1976. Sababu yake ilikuwa dhahiri: parokia zilikuwa kubwa mno na mapadre haba, hata muumini akaweza kuhudhuria Misa miaka nenda miaka rudi, asijulikane jina lake na aliyeketi ubavuni pake. Wazo hilo halikuwa geni Tanzania, iliyokuwa imekwisha zoea balozi wa nyumba kumi, na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 habari za ujamaa zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Tena Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, ambaye hakuridhika kuhubiri ushirika akiwa amekaa mbali nao, alikwenda kuishi pamoja na wanakijiji wa Nyabihanga, kwa kuwa aliamini kwamba Utatu Mtakatifu ni kielelezo ambacho wanadamu wamepewa wakifuate katika kushirikiana maisha yao.

Ibada yenyewe ni nyepesi, na wepesi wake ndio uzuri wake. Wengi hufuata utaratibu wa hatua saba uliotoka katika taasisi ya Lumko, Afrika ya Kusini: humwalika Bwana kwa sala, husoma Injili, kisha kila mmoja huchagua neno lililomgusa na kulitamka polepole, hata mara tatu, bila ya kulieleza. Nimesikia bibi mmoja asiyejua kusoma, aliyelishika neno moja tu kutoka kwa msomaji, akilitamka kwa sauti ya chini huku macho ameyafumba, na ua mzima ukanyamaza kumsikiliza kwa taadhima ambayo mhubiri hodari huitafuta asiipate. Baada ya kimya hushirikishana yaliyo moyoni, na katika hatua ya sita huulizana: nani mgonjwa mtaani, nani amefiwa, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shule, na sisi tutafanya nini? Hapo hupangwa zamu ya kumpikia uji mjane aliyelazwa kitandani, na kijana mwenye bodaboda akaagizwa kumpeleka zahanati siku ya Jumatatu.

Kila jumuiya ina somo wake, yaani mtakatifu ambaye imepewa jina lake, na sikukuu yake huadhimishwa kwa Misa na pilau. Mtu aliyehamia kutoka Songea au Bukoba, asiye na ukoo mjini wala mtu wa kabila lake, huulizwa kwanza yu wa jumuiya gani. Na akijibu "Mtakatifu Monika" au "Mtakatifu Yosefu", amekwisha pata watu. Akifiwa, watafika kabla ya ndugu zake wa damu, maana wao wako mlango wa pili, ilhali ndugu wangali safarini ndani ya basi. Mhaya na Mmakua, Mchaga na Mngoni, ambao nje ya ua ule wasingekuwa na sababu ya kujuana, huimba wimbo mmoja na kuchimba kaburi moja. Naamini imani ya mtu haikomai faraghani peke yake. Hukomaa pale ambapo jirani anaijua hasira yake na deni lake, naye asimtupe.

Walakini kuna ila ambayo haifai kufichwa. Mahali pengi jumuiya imegeuzwa dawati la barua na michango. Atakaye kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikiwa na padre sharti viongozi wa jumuiya wamtambue, na nia ya kanuni hiyo ilikuwa njema, ya kwamba mtu ajulikane. Lakini pale ambapo daftari la michango husomwa hadharani, jina kwa jina, aliyepungukiwa huona haya, akakosa Jumamosi moja, kisha mbili, mwisho akatoweka kabisa. Maskini akiona haya kuja, jumuiya hiyo imempoteza mtu ambaye hasa ilianzishwa kwa ajili yake. Wanaume nao ni wachache, na mzigo wote huwalemea akina mama. Sioni udhuru wa kutosha kwa jambo hilo, maana baba aliyekuwa na nafasi ya kukaa barazani jioni yote hawezi kudai kwamba saa moja ya sala imemshinda.

Kwa hiyo nawasihi wenyeviti na wahazini: majina ya wadaiwa yasisomwe mbele ya watu. Aliyekosa kuonekana wiki mbili na afuatwe nyumbani kwake, aulizwe hali yake kwanza, na habari za mchango zingoje. Na hatua ya sita isirukwe, hata kama watu wana haraka ya kwenda kazini.