Mwana aliyemzidi baba yake umri

Jumapili hii naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita niliendesha semina ya walimu wa shule ya Jumapili pale Kilosa mjini. Siku ya pili, baada ya chai, kijana mmoja kutoka Mikumi alinyoosha mkono. Kazi yake ilikuwa bodaboda, na kijiweni kwao, pale njia panda ya kuja Kilosa, alikuwa ameulizwa swali lililomnyima usingizi. Katika 2 Wafalme 8:26, mfalme Ahazia wa Yuda alianza kutawala akiwa na miaka 22. Katika 2 Nyakati 22:2 alianza akiwa na miaka 42. Ukirudi sura moja nyuma, 2 Nyakati 21:20, unakuta kwamba baba yake, Yehoramu, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka minane, akafa. Jumla ni 40. Na mwanawe alikalia kiti baada yake. "Sasa, mchungaji," akauliza, "inakuwaje mtoto amzidi baba yake miaka miwili?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta pa kutokea. Nikakumbuka maelezo niliyowahi kusoma mahali, kwamba ile 42 si umri wa Ahazia bali ni hesabu ya miaka tangu ukoo wa Omri uliposhika ufalme wa Israeli. Omri alikuwa babu wa Athalia, mama yake Ahazia. Nikayasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nikapigiwa makofi, tukaendelea na ratiba.

Sikumwambia kwamba andiko lenyewe halimtaji Omri kama mwanzo wa hesabu yoyote. Linatumia maneno yale yale yaliyotumika kutaja umri wa baba yake katika sura iliyotangulia. Wala sikumwambia kwamba wasomi wengi wa Biblia, pamoja na wale wanaoiamini kwa moyo wote, wanakubali kwamba hapo mnakili aliteleza katika namba. Baadhi ya nakala za kale za Kigiriki na tafsiri ya kale ya Kisiria zina 22, na tafsiri nyingi za siku hizi zimeiweka hiyo 22 na kueleza chini ya ukurasa. Wengine wanadhani kosa lilitokana na herufi za Kiebrania, kwa kuwa Wayahudi waliwahi kutumia herufi kama namba, na herufi ya 20 na ya 40 zaweza kufananishwa na jicho lililochoka. Yote hayo niliyajua. Niliona yatanipunguzia heshima mbele ya darasa.

Kijana alirudi kijiweni na jibu langu. Waliomuuliza wakamfungulia ukurasa, wakamwambia awaonyeshe Omri yuko wapi. Haukupita muda akaacha kufundisha watoto. Habari hizo nilizipata mwaka huu nilipopita tena Kilosa, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa naye kwenye ile semina. Alizisema kwa upole, bila kunilaumu, na upole wake ndio ulionichoma. Kesho yake nikapanda basi kwenda Mikumi kumtafuta.

Maswali haya si mageni kwetu. Katika miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu kama Ngariba na Kawemba walisimama hadharani na Biblia ya Kiswahili mkononi, na vijitabu vya Ahmed Deedat wa Durban vikapita mikononi mwa wengi. Kwa upande wetu nako wakatokea wahubiri wa kujibu, na kundi la Biblia ni Jibu likajulikana. Niliihudhuria mihadhara hiyo nikiwa kijana. Tulikaa kama washabiki wa mpira. Aliyejibu haraka alishangiliwa, aliyenyamaza kufikiri alizomewa. Nadhani hasara kubwa tuliyoipata pale haikutoka kwa waliouliza. Tulijifunza kwamba kukosa jibu papo hapo ni kushindwa, na tangu hapo wengi wetu tuko radhi kutoa jibu lolote, hata la kuokoteza, mradi kiwanja kisinyamaze.

Wakristo wa zamani hawakuwa na pupa hiyo. Agostino, askofu wa Hippo huku Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima, mnamo mwaka 400, kuhusu namna Injili nne zinavyopatana. Miaka michache baadaye alimwandikia Yeronimo kwamba akikutana na jambo katika Maandiko linaloonekana kupingana na kweli, anawaza mambo matatu: ama nakala aliyonayo ina kosa, ama mfasiri hakuipata maana, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Mtu aliyeiamini Biblia kuliko mimi alikuwa na nafasi moyoni mwake ya kosa la mnakili. Mimi, mbele ya walimu ishirini wa shule ya Jumapili, sikuwa nayo.

Ndani ya basi nilikaa na bibi mmoja mchangamfu. Tulipofika Ulaya, konda akapaza sauti, "Ulaya wapo?" Bibi akanichekea, akasema mjukuu wake alipoanza shule ya bweni aliwaambia wenzake kwamba kwao ni Ulaya, wakamwita mwongo muhula mzima. Wasafiri wa njia ile wanakijua kijiji hicho cha Kilosa. Asiyepita huko atadhani mtoto anatamba.

Nilimuuliza bibi kama yeye ni Mkaguru. "Mimi Msagara," akasema. "Kikaguru nakisikia. Kividunda sikisikii vizuri." Nikatoa Biblia kwenye mkoba. Matendo 9:7 inasema waliosafiri na Sauli kwenda Dameski waliisikia sauti. Matendo 22:9, Paulo mwenyewe akisimulia, inasema wenzake hawakuisikia sauti ya aliyesema naye. Maelezo ya kawaida ni kwamba walisikia mlio bila kuelewa maneno. Wengine huyajenga juu ya sarufi ya Kigiriki. Mimi ile sarufi siitegemei sana, kwa kuwa Luka mwenyewe haifuati kila mahali. Lakini huyu bibi amesikia Kividunda maisha yake yote na bado hakisikii, na hakuna mtu ndani ya lile basi aliyeona kwamba amejipinga. Luka aliziandika sura zote mbili katika kitabu kimoja. Bila shaka aliona ziko tofauti, na hazikumsumbua.

Kijana nilimkuta kijiweni, juu ya pikipiki, chini ya mwembe.

"Shikamoo, mchungaji." Alinitambua mara moja.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Ahazia."

Alitazama chini kidogo, kisha akaniongoza kwa mama lishe wa jirani, tukaketi kwenye benchi. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe msomaji: kwamba jibu langu lilikuwa dhaifu, kwamba nililijua kuwa dhaifu, na kwamba nilipaswa kumwambia namba ile imenakiliwa vibaya. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mchungaji, Ahazia hakunisumbua. Ningeweza kuishi na Ahazia. Kilichoniumiza ni kwamba wale jamaa kijiweni walinionyesha ukurasa, na wewe hukunionyesha."

Kwa hilo sikuwa na la kujitetea.

Baada ya kimya akauliza swali ambalo nadhani ndilo la kweli kuliko yote. "Kama namba moja imekosewa, nitajuaje kwamba mengine hayajakosewa?"

Nilimjibu hivi, na bado naliamini jibu hili. Tunajuaje kwamba 42 si sahihi? Tunajua kwa sababu Biblia yenyewe imetupa hesabu ya kuikosoa. Wafalme na Nyakati zimewekwa katika mkusanyiko mmoja, na umri wa Yehoramu umeandikwa aya chache tu kabla ya ule wa mwanawe. Waandishi wa Kiyahudi walionakili kitabu hicho karne kwa karne walijua kujumlisha. Kwa tone moja la wino wangeiondoa aibu ile. Hawakuiondoa. Walipokea 42 wakaandika 42, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kukabidhi walichopokea. Mtu anayeogopa kurekebisha hata kosa lililo wazi, mimi namwamini zaidi anaponikabidhi zaburi.

Kanisa nalo lilijaribiwa hivyo hivyo. Mnamo mwaka 170, Tatiano wa Siria alizichukua Injili nne akazisuka ziwe simulizi moja iliyonyooka. Kitabu chake kilipendwa na kusomwa makanisani huko Siria kwa muda mrefu. Katika karne ya 5 askofu Theodoreto wa Kiro alikusanya nakala zake zaidi ya 200 katika makanisa ya eneo lake, akaziondoa, akarudisha Injili nne. Wakristo walikuwa tayari na Injili moja isiyo na mkwaruzo, wakachagua zile nne zenye malaika mmoja kaburini kwa Mathayo na wawili kwa Yohana. Hakuna aliyezificha tofauti hizo. Zimesomwa kanisani kwa sauti kila Pasaka.

Hapo kijana akachangamka. Akasema habari ya malaika haikuwahi kumsumbua, maana dereva wa lori akiingia mgahawani akasema amekutana na tembo barabarani, kisha utingo wake akasema walikuwa wawili, hakuna anayemwita dereva mwongo. Dereva amemtaja yule aliyemfanya akanyage breki. Kisha akanipa mfano ambao sikuwa nao katika vitabu vyangu vyote. Nilikuwa nimemtajia Yeriko: Mathayo 20:29 na Marko 10:46 zinasema Yesu alikuwa akitoka mjini alipokutana na vipofu, au kipofu Bartimayo, wakati Luka 18:35 inasema alikuwa akikaribia. Wafafanuzi wengi hueleza kwamba kulikuwa na Yeriko ya kale, na Yeriko mpya yenye majumba ya Herode mwendo mfupi kusini yake, na tukio likawa katikati.

"Ni kama hapa," akasema. "Basi la kutoka Morogoro likimaliza hifadhi, abiria mmoja anapiga simu anasema, ndiyo tunatoka Mikumi. Wa kiti cha nyuma anasema, tunakaribia Mikumi. Mmoja anasema mbuga, mwingine anasema mji. Dakika ile ile."

Nilimwambia mfano wake ni mzuri, tena mzuri mno, na kwamba atakapoutumia aongeze neno moja: inawezekana. Luka hasemi kwamba aliifikiria Yeriko nyingine. Sisi ndio tunaopendekeza. Vivyo hivyo na kifo cha Yuda. Mathayo 27:5 inasema alijinyonga, Matendo 1:18 inasema alianguka akapasuka, na wengi wetu huunganisha kwamba alijinyonga kisha mwili ukaanguka. Inawezekana. Mathayo anasema makuhani walinunua shamba, Matendo inasema ni Yuda, na huenda ni kwa sababu fedha zilikuwa zake. Inawezekana pia. Tukianza kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, tumeongeza andiko, na anayetusikiliza atatudai ukurasa.

Alitoa daftari dogo mfukoni mwa koti, la kuandikia madeni ya mafuta na vipuri. Kurasa za nyuma zilijaa maandiko, kila andiko na alama ya kuuliza mbele yake. Alikuwa ameacha kufundisha, lakini hakuwa ameacha kusoma. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mathayo 27:9 inataja nabii Yeremia, ilhali maneno ya vipande 30 vya fedha yanafanana zaidi na Zekaria 11:12-13. Kwa nini?

Nilimwambia ninachojua: kwamba Yeremia naye ana mfinyanzi katika sura ya 18 na 19, na anununua shamba katika sura ya 32, na huenda Mathayo aliyaunganisha maneno ya manabii wawili akamtaja yule mkubwa. Wengine wanadhani ni mnakili. "Wewe unaona lipi?" akauliza. Nikasema naelekea la kwanza, ila silijui kwa uhakika, na ningependa tukasome Yeremia 32 pamoja.

Abiria akamwita kutoka ng'ambo ya barabara, mama mwenye mizigo miwili. Alisimama, akasita, akalichana daftari katikati. Nusu yenye madeni akairudisha mfukoni, nusu nyingine akaniachia juu ya meza.

"Utarudi nayo lini, mchungaji?"

Nilimwambia baada ya mavuno. Shule ya Jumapili hajarudi, nami sikumwomba arudi. Kurasa zake zina maswali 14, na usiku huu ninapoandika niko kwenye la tatu.