Waliofia nyumbani nao wahesabiwe

Mwaka 1996, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea katika Wilaya ya Morogoro Vijijini. Katika bajeti ya afya ya wilaya hiyohiyo ilitengewa asilimia 5. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipata asilimia 22 ya fedha. Magonjwa ya watoto, yaani nimonia, kuhara, surua, utapiamlo na wenzao, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo na yakaambulia asilimia 13.

Hakuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Bajeti za serikali zina tabia ya kurithiana: ya mwaka huu hushonwa kwa kitambaa cha mwaka jana, na kila mradi wa wafadhili unaokuja na fedha zake huongeza kiraka. Mganga mkuu wa wilaya ana daftari za hospitali na zahanati, ana uzoefu wake, na ana tarehe ya mwisho ya kuwasilisha makadirio. Daftari hizo hazimdanganyi, ila zinamwonyesha wale tu waliofika. Mtoto aliyefia nyumbani, siku mbili baada ya homa kuanza, hayumo.

Mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, ulianzia hapo. Ulichukua wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizokuwa na watu wapatao laki saba kwa pamoja, ukauliza swali ambalo mhasibu yeyote angeliuliza: je, fedha zinafuata vifo?

Ili kulijibu, ilibidi vifo vijulikane kwanza. Rufiji, kuanzia mwishoni mwa 1998, makarani walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 85,000, wakirudi kila baada ya miezi minne. Nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba, baada ya muda alikuja mhojaji mwingine akakaa na mama au bibi wa marehemu. Homa ilianza lini? Mtoto alipata degedege? Alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani? Alihara? Damu ilionekana? Mlimpeleka wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Fomu ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wasipoafikiana ilikwenda kwa wa tatu. Chanzo cha kifo kilichopatikana kwa njia hiyo hakina uhakika wa maabara. Lakini ukikusanya mamia ya fomu, makosa ya fomu mojamoja hayafichi tena ni ugonjwa gani unaoongoza.

Majibu ya lile swali la “mlimpeleka wapi” yaliwashangaza wengi. Maofisa waliamini kwa muda mrefu kwamba watoto wanakufa kwa sababu wazazi hukimbilia kwa mganga wa kienyeji, hasa mtoto akipata degedege. Fomu zilisema vingine. Walio wengi waliokufa kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Walifika, na bado wakafa. Ukiamini tatizo ni imani za wanakijiji, utatumia fedha kuwahubiria. Ukijua kwamba walifika, utatazama dawa iliyokuwa rafuni siku ile na mtumishi aliyemwona mtoto.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia kazini. Watu wa wilaya hawakupelekewa milinganyo. Walipewa zana ya kompyuta iliyochora mistari miwili sambamba, mmoja wa mzigo wa ugonjwa, mwingine wa fedha zilizotengwa. Timu ya afya ya wilaya iliiona malaria yake ikiwa na mstari mrefu upande mmoja na kisiki upande wa pili. Nadhani mchoro ule ulifanya kazi ambayo ripoti ya kurasa mia isingeifanya, kwa sababu ulisomwa na timu yenyewe, kwa takwimu za wilaya yake.

Kipimo chenyewe, miaka ya uhai iliyopotea, kina uamuzi ndani yake. Mtoto wa mwaka mmoja akifa huhesabiwa amepoteza miaka mingi. Mzee wa miaka sabini, michache. Anayesema hiyo ni hesabu tupu isiyo na upendeleo hajaitazama vizuri. Wazee wangekuwa na haki ya kulalamika. Angalau upendeleo huo umeandikwa wazi mahali ambapo unaweza kubishaniwa, tofauti na ule uliojificha katika bajeti ya kurithi.

Wilaya ziliruhusiwa kuongeza hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Zilimudu kutumia kama senti 80. Kwa fedha hizo watumishi wa zahanati walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa mwili mzima kwa utaratibu mmoja, badala ya kumtibu kikohozi na kusahau homa, na vyandarua vikapewa nafasi yake. Rufiji, vifo vya watoto wachanga wasiofikisha mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Baada ya miaka mitano, wilaya hizo ziliripoti vifo vya watoto kupungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mtakwimu makini hapa atakohoa. Wilaya hizi hazikuchaguliwa kwa kura, na katika miaka hiyohiyo mambo mengine yalibadilika: mwaka 2001 Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, na vyandarua vilikuwa vinaenea. Kiasi gani cha nafuu kilitokana na bajeti na kiasi gani na mengine? Takwimu za namna hii haziwezi kugawanya sifa hizo kwa usahihi.

Kwa upande wa vyandarua, nguvu yake imeelezwa na hesabu ya zamani zaidi. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyegundua mwaka 1897 vimelea vya malaria ndani ya mbu, alikuwa pia mpenzi wa hisabati, akaonyesha kwamba huhitaji kuua mbu wote ili ugonjwa ufifie. Miaka ya 1950 George Macdonald akaongeza jambo kubwa: kinachotawala ni umri wa mbu. Vimelea huhitaji kama siku kumi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Chukua mbu 100. Kama kila siku wananusurika tisa kati ya kumi, baada ya siku kumi watakuwa wamebaki 35. Shusha wanaonusurika wawe wanane kati ya kumi, na watakaobaki ni 11. Badiliko dogo la kila siku limepunguza mbu wa hatari mara tatu. Chandarua chenye dawa humnyima mbu damu na kumuua anapotua, usiku baada ya usiku. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, watafiti waliripoti mwaka 2001 kwamba vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Likabaki la bei. Tanzania ilianza Hati Punguzo mwaka 2004: mjamzito anapewa hati kliniki, anaongeza fedha kidogo dukani. Hoja ya kuuza ilikuwa na mashabiki wengi, na ilisikika kama busara. Cha bure hakithaminiwi. Wape bure watavulia dagaa au kufunikia bustani. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo magharibi ya Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Walichukua kliniki 20 za wajawazito, nne wakaziacha ziendelee kama kawaida, nyingine zikapangiwa bei kwa kura: bure, shilingi 10, 20 au 40 za Kenya. Baadaye walikwenda majumbani kuangalia kama chandarua kimetundikwa.

Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Wala walionunua hawakuwa ndio wagonjwa zaidi: damu yao ilipopimwa, hawakuonekana kuwa na upungufu mkubwa kuliko wengine. Shilingi zile zilichuja wenye shilingi. Wapo waliovulia dagaa, hilo halikanushwi, ila sera haijengwi kwa kisa cha mtu mmoja wa ziwani. Tanzania nayo, kuanzia 2009, iligawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote.

Mbu naye hakukaa kimya. Usugu dhidi ya dawa za vyandarua umeenea, na mbu wengine huuma watu nje kabla hawajaingia kulala. Modeli iliyosawazishwa kwa takwimu za miaka ya tisini haitakuonya kuhusu hayo. Ataonya anayeendelea kukusanya takwimu mpya.

Kwa Tanzania nzima, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 1999, na 43 katika ule wa 2022. Tarakimu hizo hazikutoka kwenye daftari za hospitali. Zilitoka kwa akina mama waliohojiwa majumbani, katika tafiti za afya ambazo kwa miongo minne zilisaidiwa na mpango uliogharamiwa na Marekani katika nchi nyingi. Mpango huo ulisitishwa mapema 2025.

Sensa ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7 tuliiendesha, na makarani tuliwapata. Kazi ya kuhesabu waliofia nyumbani inahitaji kidogo zaidi kuliko sensa: sampuli ya vijiji, makarani wa kudumu wanaorudi kila miezi minne, na madaktari wa kusoma fomu. Iwekwe kwenye bajeti ya Serikali, kwa fedha za ndani, kando ya kifungu cha dawa na cha mafuta ya magari.